Nani Apige Besi? Pedali za Miguu na Vinanda vya Makanisa ya Maua

Kamati ya kanisa ikikaa kupanga ununuzi wa kinanda, neno pedali huweza kuzua ubishi usioisha, kwa sababu wanaobishana hawazungumzii kitu kimoja. Mzee anakumbuka kinanda cha kukanyaga cha enzi za wamisionari, ambacho miguu ya mpigaji haikutulia tangu wimbo wa kwanza hadi baraka. Kijana ameona kwenye simu wapiga ogani wa makanisa ya Wamarekani weusi wakicheza besi kwa miguu, naye anataka kishindo kile kile. Mwenye duka anatoa kijipedali kimoja chenye waya na kusema hiki hapa, mambo yamekwisha. Pesa za harambee zinasubiri, na hakuna aliyeuliza swali lenyewe: katika ibada hii, nani anapaswa kuamua noti ya besi?

Kwa mji kama Maua swali hilo lina uzito. Hapa Igembe, chini ya vilima vya Nyambene, kanisa moja laweza kuimba katika asubuhi moja tenzi za kale zilizotafsiriwa, nyimbo za kwaya za sauti nne, na mapambio yanayokwenda kwa mwendo wa benga. Kila aina ina besi ya namna yake. Kifaa kinachofaa moja huweza kuiharibu nyingine.

Pedali si moja

Tuanze kwa kutenganisha vitu. Kinanda cha zamani cha kukanyaga kina pedali mbili pana zinazovuta upepo upite kwenye vibati vyembamba vya shaba ndani ya sanduku. Pedali hizo hazina noti. Miguu ikisimama upepo unakwisha na kinanda kinanyamaza, lakini besi yote hupigwa na mkono wa kushoto. Anayesema "zamani tulipiga besi kwa miguu" akiwa na kinanda hiki akilini amechanganya pampu na sauti.

Ya pili ni ile ndogo inayouzwa pamoja na kibodi: ukiikanyaga, noti ulizoziacha zinaendelea kulia. Ya tatu hupandisha na kushusha sauti. Hizi mbili nazo hazihusiani na besi.

Aina ya nne ndiyo mada yetu: ubao wa pedali zilizopangwa kama vidole vya kinanda, nyeupe na nyeusi, kila moja ikiwa na noti yake. Ogani kubwa za makanisa, kama ile ya mabomba iliyoko kanisa kuu la All Saints jijini Nairobi, huwa na ubao wa aina hii. Kipimo cha kawaida ni pedali 30 au 32, kuanzia do ya chini kabisa. Ogani za umeme za Hammond aina ya B-3, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1954, zina 25. Zile za kubebwa, zinazounganishwa na kibodi kwa waya wa MIDI (lugha ambayo vyombo vya umeme huambizana noti), mara nyingi zina 13 tu, yaani oktava moja; Roland PK-5A na Studiologic MP-113 ni mifano inayojulikana.

Tulivyofika hapa

Wamethodisti walianza kazi Meru mwaka 1912, na hospitali yao ya Maua ikafunguliwa mwaka 1928. Pamoja na dawa na vitabu, misheni za Afrika Mashariki zilieneza uimbaji wa sauti nne, na chombo kilichouongoza mara nyingi kilikuwa kile cha kukanyaga: chepesi kuliko piano, hakihitaji umeme, wala hakiharibiki upesi barabarani. Ogani ya mabomba ilibaki ya makanisa makuu ya mijini, kwa sababu ya gharama, nafasi na fundi. Kwa hiyo waumini wengi wa Meru na Embu walizoea wimbo wenye besi nzuri kooni mwa wanaume, lakini hawakuwahi kuona besi ikipigwa na mguu.

Kisha kibodi ya Kijapani ikaingia, na ndani yake bendi nzima. Kibodi hizi za kuambatanisha hufanya kazi kwa kanuni moja: mkono wa kushoto unashika kodi, yaani noti tatu au nne zinazolia pamoja, na mashine inatandika ngoma, besi, gitaa na vinanda vya nyuma kulingana na kodi hiyo. Kwenye vinanda vya Yamaha mdundo mmoja umegawanywa katika njia nane, mbili za ngoma, moja ya besi, na nyingine tano za kodi na mapambo. Besi ilipata makao yake, lakini ikatoka mikononi mwa mpigaji.

Sababu za kuenea kwake ni za kiuchumi kuliko za kisanii. Katika baa za Kenya ya kati, wapigaji wa mugithi walionyesha zamani kwamba mtu mmoja mwenye gitaa na mdundo uliopangwa awali anaweza kushika ukumbi usiku kucha, na mwenye baa akalipa mmoja badala ya sita. Kanisa dogo la mashambani lina hesabu hiyo hiyo, ila kwake tatizo si malipo tu. Ni kuwapata watu sita wenye ujuzi katika kijiji kimoja.

Besi iliyotungwa na besi inayotembea

Hapa ndipo ubishi mwingi hupotea njia, kwa hiyo inafaa kukaa kidogo.

Katika wimbo wa sauti nne, besi ni sauti iliyotungwa. Mtunzi ameiandika noti kwa noti, na mara nyingi haikai kwenye shina la kodi, yaani noti inayoipa kodi jina lake. Kodi ya do-mi-so inaweza kukalia mi, ili besi ipande hatua kwa hatua kuelekea fa. Hatua hizo ndizo zinazoupa wimbo mvuto wa kwenda mbele. Nyimbo za watunzi Wakatoliki wa Tanzania kama Bernard Mukasa na Joseph Makoye, ambazo kwaya za Kenya huziimba pia, zina besi yenye kazi kubwa: mara inajibu, mara inatangulia sauti nyingine.

Sasa mpe mashine wimbo huo. Katika mfumo rahisi wa kidole kimoja, mpigaji anabonyeza shina tu. Akiongeza kidole cheusi cha kinanda kilicho kushoto anapata kodi ya huzuni, akiongeza cheupe anapata ya saba. Mashine haina habari kwamba mtunzi alitaka mi chini. Itapiga do, na wanaume wa kwaya wataimba mi. Waumini hawatajua kasoro iko wapi, ila watahisi kwamba wimbo umelegea.

Pambio ni kitu kingine. Besi yake haikuandikwa. Inabuniwa papo hapo juu ya kodi tatu au nne, na uzuri wake uko kwenye mwendo. Besi ya benga hurukaruka, huacha mapengo, hugonga kabla ya pigo na baada yake. Mpiga besi mzuri hujibizana na gitaa la solo. Kinachohitajika hapa ni wepesi na mapigo.

Katikati ya hizo mbili ziko tenzi za mikutano ya injili, za mkondo wa Ira Sankey, ambaye kitabu chake kilianza kutoka mwaka 1873. Nyingi kati ya zilizomo katika Tenzi za Rohoni ni za ukoo huo. Besi zake ni nyepesi, zinakaa kwenye shina muda mrefu, na kodi ni chache. Ndiyo maana kibodi ya kujiendesha huzimudu vizuri, na ndiyo maana mpigaji aliyefaulu kwa tenzi hizo hushangaa anapokwama kwenye wimbo wa misa.

Hoja ya wanaotaka pedali

Nguvu ya kwanza ya pedali ni kugawa kazi. Soprano na alto zinakwenda mkono wa kulia, sauti ya tena inakwenda wa kushoto, besi inakwenda miguuni. Kila sauti inapata kiungo chake, na mpigaji anaweza kuipiga besi kama ilivyoandikwa. Bach aliandika sonata 6 za ogani ambazo kila mkono una wimbo wake na miguu ina wake, na mpaka leo hutumika kupima wanafunzi.

Nguvu ya pili ni subira. Waumini wanaoimba tenzi bila haraka husimama mwisho wa mstari wavute pumzi, na wakati mwingine wanavuta noti kuliko ilivyoandikwa. Mashine haisubiri. Ngoma yake inaendelea, na mstari wa pili unaanza kusanyiko likiwa bado kwenye wa kwanza. Mpigaji mwenye pedali anashikilia besi chini ya kusanyiko lake mpaka lote liwe tayari. Ya tatu ni msaada kwa kwaya yenye wanaume wachache. Besi mbili dhaifu husimama imara zikipata noti ndefu chini yao.

Udhaifu wake nao si mdogo. Ujuzi huu hauji kwa mwezi mmoja. Mpigaji hujifunza kutumia ncha na kisigino, kupima umbali bila kutazama chini, na kuutenganisha mguu na mkono wa kushoto uliozoea kuwa ndio besi. Walimu wake ni haba hata Nairobi, ambako chuo cha muziki cha Kenya Conservatoire kipo tangu mwaka 1944, sembuse Igembe. Halafu ubao wa pedali 13 ni ufupisho mkali. Kwa kawaida hupigwa kwa mguu wa kushoto peke yake, wa kulia ukiwa kwenye pedali ya sauti. Besi inayopita oktava lazima ikatwe na kurudishwa ndani. Na kwa benga, mguu mmoja hautoshi. Atakayedai vinginevyo na apige, tumsikie.

Wale wapiga ogani wa kwenye simu nao waangaliwe vizuri. Jimmy Smith, aliyeitangaza ogani ya Hammond katika jazi tangu miaka ya 1950, alipiga sehemu kubwa ya besi yake kwa mkono wa kushoto, na mguu ukagusa pedali kwa kifupi ili kuipa noti kishindo. Miguu inaonekana inakimbia, kumbe mkono ndio unaobeba mzigo. Wapo wanaopiga besi kamili kwa miguu, kama Barbara Dennerlein wa Ujerumani, au Rhoda Scott, Mmarekani wa Ufaransa aliyejulikana kwa kupiga bila viatu. Hao ni wataalamu wa maisha yote. Kijana akitaka sauti ile ya video, huenda anachotaka kwa kweli ni mkono wa kushoto uliofunzwa.

Hoja ya mashine

Watetezi wa besi ya kujiendesha wana neno moja zito: inafanya kazi Jumapili hii. Kijana aliyejifunza kodi sita anaweza kuongoza pambio likajaa, na mahali ambapo mpigaji aliyepo ni mmoja, hilo halina mbadala. Mashine haichoki wala haikosei noti ya kodi iliyopewa.

Inachokosa ni masikio. Haimsikii kiongozi anayerudia kiitikio, haijui mzee ameanza kuomba. Tena midundo ya kiwandani imetengenezwa Japani na Ulaya. Ya Kiafrika ni michache na mara nyingi ni ya mtu aliyeisikia benga kwa mbali. Wapigaji wa hapa hutafuta midundo iliyotengenezwa na wenzao na kuipakia, jambo linalosaidia ikiwa kinanda kinakubali.

Kasoro ya shina nayo ina tiba. Vinanda vya daraja la juu vina mfumo ambao noti ya chini kabisa ya mkono wa kushoto ndiyo inayokuwa besi. Ukishika mi-so-do, mashine inapiga mi. Vinanda vidogo vingi havina mfumo huo, na ndivyo vinavyonunuliwa zaidi. Ni ajabu kwamba muuzaji atakutajia idadi ya sauti, mamia kwa mamia, asikwambie habari ya kipengele hiki, ambacho kwa kanisa la tenzi kina thamani kuliko sauti mia tano za filimbi.

Kuna pia njia ya kati isiyotajwa sana. Kwenye Yamaha kubwa kama Tyros na Genos, pedali za MIDI zinaweza kuwekwa ziiambie mashine noti ya besi ya kodi, na mashine ikaendelea kupiga mdundo wake juu ya noti hiyo. Mguu unaamua noti, mashine inaamua mwendo. Kwa mpigaji mmoja anayehudumia nyimbo za aina zote, huu ndio mpango wenye akili kuliko yote, lakini bei ya vifaa hivyo iko mbali na mifuko ya makanisa mengi.

Mkono wa kushoto, na mtu wa pili

Kabla ya kununua chochote, ijulikane kwamba kibodi nyingi zinaruhusu vidole vyake vigawanywe sehemu mbili: kushoto sauti ya besi, kulia sauti ya ogani au piano, mashine ikiwa imezimwa. Mkono wa kushoto unapiga besi ya mtunzi kama ilivyo. Gharama yake ni kwamba sauti ya tena inapotea au inabanwa mkono wa kulia, ambao vidole vyake havifiki kila mahali. Kwa kusanyiko linaloimba sauti ya tena lenyewe, hasara hiyo ni ndogo.

Njia nyingine ni gitaa la besi na mtu wake. Vikundi vya taarab vya Zanzibar kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club vimeipa besi mpigaji wake wa kontrabasi hata pale vinapokuwa na vyombo vingine tele. Mtu wa besi anasikia, anasubiri, anabadilisha. Kwa pambio hakuna kifaa kinachomshinda. Kwa tenzi anahitaji kusoma noti au kuwasikiliza wanaume wa kwaya, na wengi hawajafunzwa hivyo. Mtu naye huhama, huoa, huenda Nairobi kutafuta kazi, na gitaa likabaki limeegemea ukutani.

Yasiyosemwa dukani

Hesabu ya fizikia huamua mengi kuliko ladha. Noti ya do ya chini kwenye pedali, ikipigwa kwa sauti ya ogani ya futi 16, hutikisa hewa mara 33 hivi kwa sekunde. Noti ya chini ya gitaa la besi ni kama 41. Kinanda kama Yamaha PSR-E373 kina spika mbili za sentimita 12, kila moja ikiwa na wati 2.5. Spika hizo haziwezi kutoa noti hizo. Utakachosikia ni kivuli chake. Spika za honi zilizofungwa ukutani kwa ajili ya mahubiri nazo hazina besi. Kanisa linalonunua pedali bila wufa, yaani spika kubwa ya besi, limenunua mazoezi ya miguu.

Waya ni tatizo la pili. Pedali nyingi za kubebwa hutoa MIDI kwa tundu la duara la pini tano. Vinanda vidogo vya PSR-E vya miaka ya karibuni havina tundu hilo. Vina USB ya kwenda kwenye kompyuta tu. Ili vielewane lazima kiwepo kifaa cha katikati, na kila kifaa cha katikati ni kitu kingine cha kuharibika Jumapili asubuhi. Bei ya pedali 13 nayo mara nyingi hupita bei ya kinanda kidogo chenyewe.

Mengine ni ya mahali. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba huleta udongo mwekundu wa Nyambene mpaka madhabahuni, na ubao wa pedali uko chini kabisa, tayari kuupokea. Umeme ukikatika, kinanda kidogo kinaendelea kwa betri sita ndogo, lakini wufa na ampli vinanyamaza, na besi inarudi kwa wanaume. Hata benchi ni la kufikiriwa: kiti cha plastiki hakimpi mpigaji urefu wala utulivu wa kusogeza miguu.

Mizani

Ukipima yote, pedali zinastahili mahali pamoja: kanisa au parokia yenye mpigaji anayesoma noti, kwaya inayoimba nyimbo za sauti nne kila wiki, kibodi yenye tundu la MIDI, na spika zinazoweza kutoa besi. Sharti moja likikosekana, faida inashuka haraka. Ambako yote yapo, kukataa pedali kwa sababu "mashine inafanya yenyewe" ni kosa, kwani mashine haifanyi, inakisia.

Kwa kanisa la mapambio, mpango bora ni mtu wa gitaa la besi, na mashine ishike nafasi yake siku asipokuwepo. Pedali hapo ni pambo.

Kwa makanisa mengi ya Maua, ambayo hupiga kila kitu kwa kinanda kimoja na kijana mmoja, mfuatano wa matumizi uko wazi. Wufa ije kwanza. Kisha kijana alipiwe mwalimu wa kumfundisha besi ya mkono wa kushoto kwenye kinanda kilichogawanywa, ili tenzi zipigwe bila mdundo na zisubiri watu. Kinanda kikibadilishwa siku za usoni, kichaguliwe chenye mfumo wa besi ya noti ya chini na tundu la MIDI, hata kama kina sauti chache. Pedali zije mwisho, na zije kwa sababu mpigaji ameziomba mwenyewe.

Kamati ikienda dukani, imchukue mpigaji huyo, imchukue na mwanamume mmoja wa besi kutoka kwaya. Mmoja apige wimbo mgumu kuliko yote wanaouimba, mwingine aimbe sauti yake juu yake. Noti zao za chini zisipokutana, wasilipe.